Usita wa Mui, mtaa wa maduka ambapo miguu ndiyo gari

DAKTARI akimshauri mtu wa mjini atembee kila siku, jibu huwa tayari mdomoni: nitembee wapi? Swali hilo si la uvivu. Nairobi na Mombasa, mwenye miguu hugombania ukingo wa barabara na matwana, bodaboda, rukwama na wachuuzi waliotandaza mitumba. Njia ya miguu, pale ilipojengwa, imegeuzwa maegesho ya magari. Mwenye presha aliyetoka jioni kunyoosha viungo hurudi nyumbani amekasirika, amemeza moshi, na pengine amekoswakoswa na pikipiki.

Katika mwongozo wake wa 2020, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani, na kutembea kwa mwendo wa kuchangamka kunatosha. Mwongozo haukutuambia njia tuipate wapi. Ndiyo maana wiki hii tunamchukua msomaji hadi Lamu, katika mtaa wa maduka wa kale ambao haukujengewa gari, na njiani tunasimama Garsen, Kaunti ya Tana River, mji unaokua kando ya barabara kuu. Umbali kati ya miji hii miwili si mkubwa, lakini maisha ya mwenye miguu yanatofautiana sana.

Miguu iliyolala

Anayekwenda Lamu kwa basi kutoka Mombasa huanza safari mapema. Hupita Kilifi na Malindi, kisha nchi hufunguka ikawa tambarare, nyumba zikapungua, joto likapanda. Kutoka Malindi hadi Garsen ni kiasi cha kilomita 110. Kufikia hapo abiria amekaa kitako saa nyingi, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, na viatu vimeanza kubana.

Kuvimba huko kwa kawaida si hatari. Damu ya miguuni hupandishwa kurudi kwenye moyo kwa msaada wa misuli ya vigimbi, na misuli hiyo isipofanya kazi damu huzubaa chini na maji huingia katika nyama. Lakini watafiti wameonyesha kwamba safari ya kukaa zaidi ya saa 4, iwe ya ndege, ya gari au ya basi, huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya ndani ya mguu. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo. Wanaopaswa kujihadhari zaidi ni wajawazito na waliojifungua karibuni, waliofanyiwa upasuaji, wagonjwa wa saratani, wanaotumia baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi, na yeyote aliyewahi kupatwa na tatizo hilo.

Kinga yake haina gharama. Zungusha vifundo vya miguu ukiwa kitini, panda na kushuka kwa vidole, na unywe maji. Wengi hawanywi maji kwa kuogopa kutafuta choo njiani, na hilo ndilo kosa kubwa la msafiri wa barabara hii yenye joto. Basi likisimama Minjila, hapo njia ya Hola na Garissa inapoachana na ile ya Witu na Lamu, usibaki ndani ukisinzia. Shuka utembee dakika 10. Na kama siku chache baada ya safari mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma, au pumzi inakukatika ghafla na kifua kinachoma, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usikandwe.

Mji wa njia panda

Garsen umekaa karibu na Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, wenye urefu wa kiasi cha kilomita 1,000. Chini yake mto unatawanyika na kuwa delta ambayo mwaka 2012 iliorodheshwa chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar, unaolinda ardhi oevu. Wapokomo hulima kando ya maji, wakapanda mpunga, ndizi na maembe; Waorma na Wardei huchunga ng'ombe. Wote hukutana Garsen kuuza, kununua, kutafuta daktari au kufuata karatasi za serikali.

Tazama wanavyofika. Mama amebeba maembe kichwani, mchungaji amefuata mifugo yake, mtoto anatoka shule. Watu hawa hawahitaji kuambiwa watembee. Garsen haina upungufu wa watembeaji; inachopungukiwa ni mahali pa kutembea. Jua la mchana huwaka kichwani na miti ya kivuli haitoshi. Mwenye mzigo hushindana na bodaboda, malori na mbuzi juu ya ukingo ule ule wa barabara. Kwa mtu wa nguvu ni usumbufu tu. Kwa bibi mwenye kisukari na macho yaliyofifia ni sababu ya kukaa ndani, na akikaa ndani sukari hupanda, viungo hukakamaa, na safari ya kufuata dawa huahirishwa hadi wiki ijayo.

Barabara ya kutoka hapa hadi Lamu, kiasi cha kilomita 135, ilikuwa ya vumbi na matope kwa miaka mingi. Sasa ina lami. Hakuna anayelalamikia lami. Mgonjwa aliyewahi kurushwarushwa njiani saa nyingi anajua thamani yake. Lakini lami huleta mwendo wa kasi, na mji ambao maduka yake yameelekea barabara kuu hujikuta umeweka wateja wake katikati ya mwendo huo. Kwa maoni ya mwandishi, huu ndio wakati wa Garsen kuamua, kabla viwanja havijajaa: mtaa mmoja wa maduka nyuma ya barabara, wenye mabaraza na mwarobaini pande zote mbili, na kituo cha bodaboda mwanzoni mwake. Miti huhitaji maji kwa miaka michache ya mwanzo, na mto hauko mbali.

Mto huo nao una mambo yake. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yaliwahamisha watu wengi wa Tana River na kukata usafiri. Mvua za namna hiyo zikinyesha kupita kiasi, yaani maji yakikaa muda mrefu katika nyanda za malisho, madaktari huanza kuhofia homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huo wa mifugo, unaoenezwa na mbu na kumwingia binadamu kupitia damu na nyama mbichi, uliwapiga watu wa kaskazini mashariki 1997 na 1998, kisha ukarudi Desemba 2006 ukaanzia Garissa na kufika Tana River. Kwa msafiri masharti ni mepesi: maziwa yachemshwe, nyama iive hadi ndani, na usimkaribie mnyama aliyeharibu mimba au anayechinjwa akiwa mgonjwa. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Na ile hamu ya kuvua viatu na kutumbukiza miguu katika maji yaliyotulia kando ya mto, izuie. Kichocho kipo huku, nacho huingia kupitia ngozi isiyo na hata mchubuko.

Posta ya Mjerumani

Baada ya Garsen basi hupita Witu. Leo ni mji mdogo wa wakulima, lakini zamani ulikuwa na sultani wake, na Wajerumani walikuwa na shauku nao. Mwaka 1878 Clemens Denhardt alipanda Mto Tana pamoja na Gustav Fischer, daktari aliyekuwa akitibu watu Unguja. Mwaka 1885 Clemens na nduguye Gustav Denhardt walipata ardhi kwa Sultani Ahmed wa Witu, anayejulikana kwa jina la Simba, na Ujerumani ikatangaza ulinzi wake. Novemba 1888 wakafungua posta Lamu. Haikudumu. Mkataba wa 1890 kati ya Ujerumani na Uingereza uliiacha Witu mikononi mwa Waingereza, na posta ikafungwa Machi 1891. Nyumba ile ingalipo katika mji wa kale, nayo ni makumbusho madogo.

Tunaitaja posta hiyo kwa sababu moja. Miaka 81 baada ya Mjerumani kufunga barua zake Lamu, kwao Ujerumani wakuu wa mji wa Munich walifanya jambo ambalo Waamu wangeliona la kawaida: walizifunga Kaufingerstrasse na Neuhauser Strasse, mitaa ya maduka ya tangu enzi za kale, zisipite gari. Ilikuwa 1972, mwaka wa michezo ya Olimpiki mjini humo. Magari na tramu zilikuwa zimeujaza mtaa hadi watu wakawa wanapita ubavuubavu. Ndugu zetu wanaoishi Ujerumani wanaijua hali ya mitaa hiyo Jumamosi: familia nzima imetoka, kikongwe na fimbo yake, mtoto ameachiwa mkono bila hofu. Munich ilibidi iondoe gari ili kuupata mtaa wa namna hiyo. Lamu haikuwa na gari la kuondoa.

Kivuli na baraza

Basi huishia Mokowe, na kutoka hapo ni boti. Ukishapanda gatini Lamu, ingia ndani ya mji badala ya kufuata ukingo wa bahari. Nyuma tu ya nyumba za mbele utaukuta mtaa mrefu unaokwenda sambamba na pwani. Kwenye ramani huitwa Harambee Avenue. Wenyewe huuita Usita wa Mui, yaani mtaa wa mji kwa Kiamu.

Hapa kuna maduka ya khanga na vikoi, mafundi cherehani, wachongaji wa milango, wafua fedha, wauza kofia, halwa, ubani na dawa za asili. Katikati kuna ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na iliyokuwa gereza hadi 1984, na mbele yake uwanja wa Mkunguni ambako wazee hukaa kuzungumza. Soko liko ubavuni. Mji wenyewe ni wa karne nyingi. Msikiti wa Pwani, karibu na hapo, huhesabiwa kuwa wa 1370. UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Lamu katika urithi wa dunia mwaka 2001.

Wageni husifu milango. Ukurasa huu ungependa wasifu kivuli. Nyumba za mawe ya matumbawe zimepanda juu pande zote mbili, na kichochoro ni chembamba, kwa hiyo jua huigusa ardhi muda mfupi tu wa mchana. Kuta nene hazipashi moto upesi. Upepo wa bahari hujipenyeza katika vichochoro vya pembeni. Matokeo yake ni kwamba mtu hutembea Lamu saa ambazo Garsen asingethubutu, na mwenye moyo dhaifu hapati adhabu ya joto, ambalo huulazimisha moyo kupiga haraka ili kupoza mwili.

Kisha kuna mabaraza. Mbele ya mlango wa nyumba ya Kiamu kuna daka, na katika daka kuna baraza ya kukalia. Wataalamu wa mifupa na wa wazee husisitiza jambo hilo kila leo: mzee hutembea mbali zaidi akijua ana mahali pa kupumzika kila baada ya hatua chache. Mwenye magoti mabovu huenda hadi sokoni kwa vituo vitatu, kila kituo kikiwa na salamu, habari za jirani na pengine kikombe cha kahawa tungu. Salamu hizo si upuzi kiafya. Upweke umeonekana kuandamana na maradhi ya moyo na kiharusi, na mtu anayesalimiwa kila asubuhi hugundulika upesi siku asiyotokea.

Mwili wenyewe hufaidika hivi. Misuli ya paja na kigimbi ikifanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu, hata kwa mgonjwa wa kisukari ambaye insulini yake haifanyi kazi sawasawa. Ndiyo sababu matembezi ya dakika 10 au 15 baada ya chakula hushusha sukari kuliko kujilaza. Mishipa ya damu hulainika, presha hushuka kidogo, na mifupa ya nyonga hupata mzigo inaouhitaji. Wala si lazima iwe nusu saa kwa mkupuo. Kwenda kununua samaki, kurudi, kwenda msikitini, kurudi, kumtembelea shangazi. Vipande hivyo huhesabika.

Isije ikadhaniwa kwamba Waamu hawaugui. Kisukari na presha viko kisiwani kama vilivyo Mombasa, na atakayetembea Usita wa Mui akiishia kila siku kwenye sinia ya halwa, mahamri na chai ya sukari vijiko vinne atakuwa anamwaga maji kwa mkono mmoja na kuyachota kwa mwingine.

Mapipa ya 2004

Mji uliobanana hupitisha maradhi kwa urahisi, na Lamu imeshaonja. Katikati ya 2004, baada ya ukame, watu waliweka maji majumbani katika mapipa, mitungi na matangi. Mbu aina ya Aedes, yule mwenye madoadoa meupe miguuni na anayeuma mchana, hupenda maji masafi yaliyotulia ndani na karibu na nyumba. Homa ikazuka, ikifuatana na maumivu ya viungo yaliyowafanya watu wainame. Ilikuwa chikungunya. Watafiti walipopima damu za wakazi Oktoba mwaka huo, walikuta dalili za virusi hivyo kwa watu 75 katika kila 100. Ugonjwa ulifika Mombasa, mwaka uliofuata ukaingia Komoro, kisha visiwa vingine vya Bahari ya Hindi na Bara Hindi.

Mapipa yenye mifuniko isiyofunga ndiyo yaliyofungua mlango. Chikungunya haina dawa ya kuua virusi vyake. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji mengi na kutulizwa maumivu, na wengine viungo huwauma miezi. Anayeshuku homa hii asikimbilie aspirini wala dawa kali za maumivu kabla ya kupimwa, kwa kuwa homa ya dengi, inayofanana nayo na kuenezwa na mbu yule yule, inaweza kusababisha kutokwa damu. Kwa wenye nyumba, chombo cha maji kifunikwe barabara na kisuguliwe ndani kila wiki, maana mayai hushikamana na kuta zake.

Mitaro nayo ni habari nyingine. Inapita wazi kando ya vichochoro, na inapoziba huzalisha mbu wa Culex, wanaouma usiku. Hao ni miongoni mwa waenezaji wa minyoo ya matende na mabusha, maradhi ambayo pwani ya Kenya, Lamu na Tana River zikiwamo, imekuwa ikipambana nayo kwa kugawa dawa kwa umma. Mtaa wa miguu unahitaji mfereji uliofunikwa kuliko unavyohitaji rangi mpya ukutani.

Mlio wa pikipiki

Kwa karne nyingi mzigo wa Lamu ulibebwa na punda, hamali na rukwama. Punda ana hospitali yake: tangu 1987 shirika la hisani kutoka Uingereza limekuwa likiwatibu bila malipo. Kinyesi chake kinakera, na kwa mwenye kidonda mguuni ni hatari ya pepopunda, lakini punda haendi kasi ya kumvunja mtu nyonga.

Pikipiki huenda. Katika miaka ya karibuni zimeongezeka kisiwani, na wakuu wa kaunti na wahifadhi wamezipiga marufuku zisiingie mji wa kale. Marufuku ni jambo moja na utekelezaji ni jingine. Vijana wanaoziendesha wanatafuta riziki, na mama mjamzito anayeishi mbali na gati atakuambia bodaboda ilimfikisha hospitalini kwa wakati. Hoja hizo ni za kweli, na zinaweza kujibiwa kwa kuweka vituo nje ya mji wa kale na ruhusa ya dharura kwa mgonjwa. Lakini katika kichochoro chenye upana wa watu watatu, pikipiki moja hufuta baraza, humtoa mtoto mchezoni na humrudisha mzee ndani. Hakuna mahali pa kukimbilia isipokuwa daka la mtu.

Kabla ya kufunga mizigo

Anayetoka Nairobi au nyanda za juu amwone daktari kuhusu dawa ya kinga ya malaria, kwa kuwa Pwani kuna malaria na mwili wake haujaizoea. Chandarua ni lazima. Dawa za presha na kisukari zikae katika mkoba wa mkononi, si katika buti ya basi, na zitoshe siku kadhaa za ziada, maana mvua kubwa huifunga barabara. Insulini huharibika kwa joto la Tana River: ikiwekwa ndani ya chombo cha udongo chenye unyevu, au kuvingirishwa kitambaa kibichi juu ya mfuko usiopitisha maji, itabaki baridi kiasi.

Viatu viwe vya kufunika vidole, vilivyokwisha kuzoewa. Ndara huteleza juu ya mawe ya Lamu. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila usiku kwa mkono na kwa kioo, kwa kuwa ganzi humficha kidonda. Tembea baada ya alfajiri na baada ya alasiri. Ukisikia nyuma yako mtu anapaza sauti, "Simile! Simile!", usigeuke kutazama kwanza: jibanze ukutani au ingia katika daka, punda mwenye mzigo apite. Ukiugua, hospitali kuu ya kaunti, King Fahd, iko mjini Lamu. Na kwa atakayezidiwa kabla ya kuvuka Tana, ipo hospitali ya Ngao, katika delta, si mbali na Garsen.